Dhamana Haiuzwi, na Mpwa Wangu Anataka Shule

Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba leo tungeendelea na habari za mirathi, na najua wako waliokwisha kuandaa kalamu na karatasi. Naomba radhi. Mirathi itangoja kidogo, marehemu hana haraka. Leo nina jambo la mtu aliye hai, tena jambo lenyewe lina tarehe ya mwisho.

Dada yangu anakaa Kisarawe, ng'ambo ya pili ya milima ya Pugu, mahali ambapo watu wa Dar es Salaam wanapajua kwa mkaa, mihogo na korosho. Ana watoto wawili wakubwa. Wa kiume anaendesha bodaboda. Wa kike, ambaye ndiye nitakayemzungumzia, aliacha shule akiwa kidato cha pili. Sababu mnaijua. Alipata mimba, na wakati ule msichana aliyepata mimba alikuwa harudi tena katika shule ya serikali. Ruhusa ya kurudi ilikuja Novemba 2021, na kwa huyu ilikuja imechelewa. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kutembea.

Bahati ni kwamba Kisarawe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Msikilizaji wa mjini akilisikia jina hilo hutabasamu, akadhani ni mahali pa kufundishia useremala na kufuga kuku tu. Useremala upo, na kuku wapo. Lakini vyuo hivi vina historia. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako mtu mzima aliyekosa shule anaingia bila kuulizwa cheti, na mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha vya kwake. Sasa viko zaidi ya 50 nchi nzima. Kibaha nako kimo kimoja, ndani ya shirika lile la elimu lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ambao ulianza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Watu wanaifahamu Kibaha kwa sekondari yake ya vijana wenye vipaji na hospitali ya Tumbi. Habari ya chuo cha wakulima kilichokuwa pale tangu siku zile, wengi hawaijui.

Katika vyuo hivi siku hizi kuna mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, ambao unawapokea akina mama vijana walioachishwa shule. Wanasoma masomo ya sekondari kwa njia fupi, wanajifunza na kazi ya mikono, na mtoto anapata mahali pa kukaa mama akiwa darasani. Mpwa wangu akaingia huko. Akachukua ushoni na masomo ya sekondari kwa pamoja. Mimi, nakiri, nilifurahia ushoni zaidi. Nilidhani hayo mengine ni kupoteza muda.

Sasa nisikilizeni.

Ijumaa moja jioni kaka yake alikamatwa. Alikuwa amebeba magunia matatu ya mkaa kwenye pikipiki kwa mteja, na akatokea mtu kusema mkaa ule ni wake, umeibwa. Huyo kijana hakuwa na habari, yeye ni mbebaji. Akapelekwa kituo kimoja cha polisi ambacho sitakitaja, wala sitasema kiko upande gani wa mkoa. Akalala Ijumaa, akalala Jumamosi, akalala Jumapili. Jumatatu dada akaenda na fedha alizokopa kwa majirani, shilingi 80,000, kwa sababu kulikuwa na bwana mmoja aliyejipa kazi ya kusimama nje ya kituo na kuwaeleza akina mama kwamba hiyo ndiyo bei ya dhamana.

Mpwa wangu alikuwa amemsindikiza mama yake. Amekaa kwenye benchi, mtoto mgongoni, anatazama ukuta. Ukutani kuna bango. Nyote mmeliona, karibu kila kituo kinalo, limeandikwa kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Wengi wetu tumelizoea kama tulivyozoea picha ya kalenda. Yeye akalisoma kwa sauti. Kisha akasimama, akamwamkia askari wa kaunta na kumwuliza, "Shikamoo afande. Hapa pameandikwa dhamana haina malipo. Hii aliyoambiwa mama alete ni ya nini?"

Dada ananiambia kituo kizima kilinyamaza. Yule bwana wa nje alikumbuka kwamba ana safari. Askari, na nitampa haki yake, hakukasirika. Alisema yeye hajamwagiza mtu kudai fedha, akaita mkubwa wake, na baada ya saa moja wadhamini wawili wakaandikishwa na kijana akatoka. Kesi yenyewe haikufika popote, kwa kuwa mwenye mkaa hakurudi tena.

Mimi nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla sijaanza kuzungumza nanyi katika kipindi hiki, na habari hii ilinichoma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ni ya mwaka 1985. Inamtaka polisi aliyemkamata mtu bila hati, kama kosa si kubwa la kutisha, amwachie kwa dhamana pale ambapo hawezi kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24. Magunia matatu ya mkaa si kosa la kutisha. Kijana alikaa siku tatu, na mimi mjomba wake, mwenye kujua vifungu kwa namba, hakuna aliyenipigia simu. Waliona aibu. Aliyemtoa ni msichana anayejifunza kushona, ambaye alijua kusoma na hakujua kuogopa.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu na swali moja. "Mjomba, haya mambo ya mtu kukamatwa, na mashahidi, na kufungwa, yanasomewa wapi?"

Wasikilizaji, swali hili lina majibu mengi kuliko unavyodhani. Kijana wa jirani yangu yuko Marekani, naye alisomea mambo hayo hayo. Kule wana vyuo vya jamii, ambavyo cha kwanza kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Unaingia karibu na kwenu, ada yake ni ndogo, unasoma miaka miwili somo linaloitwa haki jinai, yaani polisi, mahakama na magereza kwa pamoja, halafu unahamia chuo kikuu na unapokelewa mwaka wa tatu. Miaka yako miwili imehesabiwa. Aliponieleza nilimwonea wivu, mzee mzima.

Huku kwetu kila chombo kina chuo chake. Polisi wana shule yao Moshi na chuo Kurasini. Magereza wana chuo Ukonga. Watu wa mahakama wana Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Ukitaka kuingia Moshi au Ukonga lazima kwanza uajiriwe, na mpwa wangu, mwenye mtoto wa miaka minne, hawezi kupiga kwata. Raia wa kawaida anayetaka kuyajua makosa ya jinai anabaki na mlango wa sheria, na ngazi yake ni hii: cheti, halafu stashahada, halafu chuo kikuu.

Ngazi hii naifahamu kwa sababu niliipanda. Nilisoma cheti cha sheria Mzumbe, miaka ya themanini, wakati kikiitwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mahali pale palianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, Waingereza wakiwafundisha machifu na makarani wao, na baada ya Uhuru pakaanza kuwafundisha mahakimu. Tulifundishwa Kanuni ya Adhabu, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1930 kuchukua nafasi ya ile ya India. Tulifundishwa ushahidi, mwenendo wa kesi, na namna ya kuandika hukumu ambayo hakimu wa wilaya hataitupa. Halafu nikapangiwa mahakama ya mwanzo kijijini, meza moja, mabenchi mawili, na wazee wawili washauri waliokuwa wanajua nani mwongo katika kata kabla shahidi hajafungua mdomo. Chuo kikuu nilikuja kukisoma baadaye, nikiwa na watoto watatu, kwa vitabu vya Chuo Kikuu Huria vilivyokuwa vinaletwa kwa basi.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu, "Inawezekana." Kisha nikamweleza na upande wa pili, kwa sababu sipendi mtu mzima anayempa kijana nusu ya habari.

Siku zangu cheti kilitosha kukufanya hakimu. Leo hakitoshi. Mahakama siku hizi inaajiri mahakimu wenye shahada ya sheria, hata kwa mahakama za mwanzo. Mwenye cheti au stashahada anaweza kuwa karani wa mahakama. Anaweza kufanya kazi na wasaidizi wa kisheria, ambao sheria ya mwaka 2017 inawatambua. Anaweza kuomba utendaji wa kijiji, maana matangazo ya kazi hiyo hutaja cheti cha sheria pamoja na vya utawala na maendeleo ya jamii. Sizidharau kazi hizo hata moja. Mtendaji wa kijiji anayejua kwamba hana mamlaka ya kumfungia mtu ofisini usiku kucha amewaokoa wengi kuliko wakili.

Akitaka kuendelea, Tume ya Vyuo Vikuu inataka stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na kila chuo kikuu kinaweza kudai zaidi ya hapo. Hapo ndipo ninapogombana na mfumo wetu. Mtu amesoma cheti mwaka mmoja na stashahada miaka miwili. Amejifunza makosa ya jinai, mikataba na ushahidi. Anaingia chuo kikuu anakaa dawati moja na kijana aliyetoka kidato cha sita jana, na wote wawili wanaanza somo la kwanza la sheria ya jinai kana kwamba hakuna aliyewahi kulisikia. Kwa yule wa kidato cha sita ni miaka mitatu au minne. Kwa yule wa stashahada ni hiyo hiyo, juu ya mitatu aliyokwisha kulipia. Nasikia hoja kwamba viwango havilingani. Basi wapimwe. Mpe mtihani, akifaulu mruke mwaka. Fundi cherehani akija kwako na suruali aliyoishona humwambii aanze upya kujifunza kutunga uzi.

Na baada ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo bila hiyo huwi wakili. Mtakumbuka Oktoba 2022, matokeo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Nchi nzima ilishtuka, serikali ikaunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe. Yalisemwa mengi, na moja lililorudiwa sana ni Kiingereza. Hili linanitia hofu kwa mpwa wangu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, jambo jema. Lakini vitabu atakavyopewa chuoni, na hukumu nyingi atakazotakiwa kuzisoma, ni za Kiingereza. Yeye kidato cha nne alipata C ya Kiswahili, C ya Uraia, na Kiingereza D. Nimemwambia D hiyo ndiyo mkaa wake ulioibwa, aitafutie wadhamini mapema.

Dada yangu alisikiliza yote haya kimya, akihesabu kwa vidole. Cheti, stashahada, shahada, mafunzo ya vitendo. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaingia mkono wa pili. "Kaka," akasema, "huyu ana miaka 22. Atamaliza lini?" Halafu akatoa karatasi.

Karatasi ile ilikuwa ya rangi, imekunjwa mara nne. Alipewa na kijana mmoja mtanashati Maili Moja, Kibaha, alipokwenda kumwona mgonjwa Tumbi. Inatangaza chuo. Shahada ya sheria na upelelezi kwa miaka miwili, wa kidato cha nne wanakaribishwa, ajira katika vyombo vya dola ipo nje nje. Ada ya kuanzia shilingi 1,200,000. Na dada, bila kuniambia, alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa nusu eka yake ya mikorosho kule Maneromango, shamba tuliloachiwa na mama.

Nilimwomba siku tatu. Siku ya pili mimi na mpwa wangu tukapanda daladala Kisarawe hadi Gongo la Mboto, tukabadilisha hadi Mbezi, tukabadilisha tena hadi Maili Moja. Ukiitazama ramani, Kisarawe na Kibaha ni jirani, wilaya zinapakana. Ukipanda gari ndipo unagundua kwamba jirani huyo unamfikia kwa kuzunguka jiji.

Chuo tulikipata. Vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki, bendera, na saa ya ukutani iliyosimama. Nilimwacha mpwa wangu azungumze. Akauliza, "Namba yenu ya usajili wa NACTVET ni ipi?" Bwana akasema chuo kiko katika hatua za mwisho. Akauliza kama kimo katika kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu. Bwana akasema kitabu kilichapwa kabla. Akaomba kuona barua yoyote ya baraza hilo. Bwana akasema barua iko kwa mwanasheria wa chuo. "Na mwanasheria yuko wapi?" Amesafiri. Mpwa wangu akamtazama kwa muda, akasema asante, tukashuka ngazi. Chini, kwenye duka, akaniambia, "Mjomba, huyu ni yule bwana wa nje ya kituo." Hakuwa na maana ya sura.

Hapa naomba mzazi unayenisikiliza usogee karibu na redio. Chuo cha cheti na stashahada kinasajiliwa na NACTVET, chuo kikuu kinatambuliwa na TCU. Hivyo viwili tu. Orodha zao ziko wazi, na mtoto wako mwenye simu anaweza kuzisoma bila kulipa mtu. Hakuna mtu wa kidato cha nne anayepewa shahada ya sheria kwa miaka miwili, si Kibaha wala kokote nchini. Anayekuahidi hivyo anaitaka mikorosho yako.

Kabla ya kurudi tulipita katika kituo cha Chuo Kikuu Huria cha mkoa, palepale Kibaha, nikamwonyesha mahali ambapo, Mungu akipenda, atakuja kuchukua fomu baada ya stashahada, akiwa anafanya kazi na mtoto wake yuko shule. Aliomba kuingia ndani. Alikaa maktaba nusu saa. Sikumwuliza alikuwa anasoma nini.

Mwaka 2023 Rais aliunda Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai ya mwaka huo ikakabidhi taarifa yake iliyopendekeza mabadiliko makubwa kwa polisi na vyombo vingine. Nimefanya kazi ya mahakama nikaona tume zikija na kuondoka, na hii naiombea mema. Lakini kaunta ya kituo cha polisi siku ya Jumatatu asubuhi haina jaji. Kuna askari aliyechoka, mama mwenye fedha ya kukopa katika kitambaa, na bango. Nataka na mtu wa kulisoma awepo.

Basi tumekubaliana hivi. Shamba haliuzwi. Mavuno ya korosho ya msimu yatalipa sehemu ya ada, mimi nitalipa sehemu, na kaka mtu wa bodaboda ameahidi kutoa kila wiki, ingawa ahadi ya bodaboda nimeandika kwa penseli. Maombi yanakwenda Lushoto, na katika vyuo vingine viwili vyenye usajili ili tusiweke mayai yote kapu moja. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu. Akikosa Lushoto mwaka huu ataendelea kushona na kusoma Kiingereza, na tutaomba tena.

Mtoto atabaki kwa bibi. Hili ndilo lililomliza mpwa wangu, wala sikujaribu kumnyamazisha. Ameniambia akikubaliwa atabeba cherehani yake, ile ya mkono aliyoinunua kwa fedha za sare alizoshona chuoni, kwa kuwa amesikia wanafunzi hawakosi nguo za kupunguza na kuongeza. Jana usiku dada alinipigia simu. Nilidhani amebadili nia kuhusu shamba. Kumbe amesikia kwamba Lushoto kuna baridi, na anataka kujua blanketi zito Kariakoo linauzwa shilingi ngapi.